Wild Rose: kwa nini Rose-Lynn alirudi nyumbani? Na je, nimwonyeshe mama yangu filamu hii?

Mama Wawili (Glasgow)

Hamjambo wote. Nitasimulia filamu hii mpaka mwisho, kwa hiyo ambaye hajaiona na hataki kujua yatakayotokea, aishie hapa.

Nimeitazama Wild Rose mara tatu ndani ya wiki mbili. Aliyenielekeza ni bibi mmoja ninayemhudumia kazini. Natunza wazee hapa Glasgow, zamu ya usiku, na huyu bibi usingizi humjia saa saba au saa nane. Usiku mmoja nilikuwa namkunjia nguo huku nikiimba wimbo wa Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, kwa sauti ya chini. Akajiinua kwenye mto akaniuliza, "Wimbo huo umeutoa wapi wewe?" Nikamwambia nimeutoa kwetu Molo, Kenya, kwenye kaseti za marehemu baba yangu. Alifurahi mpaka akanishika mkono. Akanieleza kwamba miaka ya themanini yeye na mumewe hawakukosa Jumamosi hata moja pale Grand Ole Opry. Nikadhani kumbukumbu zimemchanganya, maana Opry ninayoijua mimi, ule ukumbi maarufu wa muziki wa kantri, iko Nashville, Marekani. Kumbe Glasgow ina yake, iko Govan Road tangu 1974. Watu huingia na kofia za kauboi, hucheza kwa safu, na hushindana nani mwepesi wa kuchomoa bastola ya baruti tupu. Siku yangu ya mapumziko nilipanda basi nikaenda kuitazama kwa nje. Ilikuwa mchana, mlango umefungwa, lakini nilisimama pale kama robo saa.

Filamu yenyewe ni ya 2018. Mwongozaji ni Tom Harper, na aliyeiandika ni Nicole Taylor, mtu wa Glasgow. Jessie Buckley ni Rose-Lynn Harlan, msichana wa miaka 23 anayetoka gerezani baada ya kukaa mwaka mmoja kwa kosa la kurusha furushi la dawa za kulevya juu ya ukuta wa jela. Anatoka na kifaa cha mahakama kifundoni. Jioni ikifika lazima awe ndani mpaka asubuhi, na mwimbaji kazi yake ni usiku. Ana watoto wawili aliowazaa kabla hajafikisha miaka 18, Wynonna na Lyle, wote wamepewa majina ya waimbaji wa kantri. Mkononi amejichora maneno ya wanamuziki wa Nashville: mishiko mitatu ya gitaa na ukweli. Ukiuita muziki wake kantri na westani anakurekebisha papo hapo. Ni kantri, basi. Anachokitaka duniani ni kufika Nashville.

Mama yake, Marion, ni Julie Walters. Anafanya kazi kwenye duka la mikate, na ndiye aliyewalea wajukuu binti alipokuwa ndani. Hapigi kelele. Anapika, anafua, anamtazama bintiye kwa yale macho ambayo kila aliyelelewa na mama anayajua.

Sasa hapa ndipo paliponibana. Nami nina watoto wawili. Niliondoka Molo miaka mitatu iliyopita, msichana akiwa na miaka 11 na mvulana 6. Wanaishi na mama yangu, wao humwita shosho, na mama yangu huuza viazi na kabeji kando ya barabara pale Mau Summit. Mimi si mwimbaji. Nje ya kwaya ya kanisa sijawahi kushika kipaza sauti. Lakini Rose-Lynn anauona mji huu kama jela ya pili, na mimi niliuombea mji huu huu kwa magoti. Mji anaoukimbia yeye ndio niliokimbilia mimi. Mvua ile inayomnyea kwenye filamu ndiyo inayoninyea nikitoka zamu asubuhi.

Kuna mahali anawagawa watoto kwa majirani na marafiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule, ili apate muda wa kufanya mazoezi ya onyesho la kuchangia safari yake. Wynonna hasemi kitu. Anabeba begi lake tu. Niliisimamisha filamu hapo nikapiga simu nyumbani. Kule ilikuwa imepita saa tano usiku. Mama alipokea akidhani kuna msiba.

Halafu mwisho. Rose-Lynn ameshakata tamaa, ametulia, amepata kazi ya kuhudumia meza, yuko na watoto wake. Ndipo Marion anamtolea akiba yake na kumwambia aende. Anakwenda. Anafika Nashville, anaingia kwenye ukumbi wa Ryman pamoja na watalii, anachepuka, anapanda jukwaani mbele ya viti vitupu na kuimba peke yake bila ala. Na baada ya hapo anarudi Glasgow. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia hajui kuimba.

Binamu yangu aliye Aberdeen anasema ule ni woga, na kwamba filamu inawaambia maskini wakae walipo. Mimi nililia, na sijui nililia kwa sababu gani. Kwa hiyo nauliza mambo mawili. Kwa nini alirudi? Na la pili: Desemba naenda nyumbani kwa mara ya kwanza tangu niondoke. Nataka kumwonyesha Mama filamu hii. Je, nitakuwa namshukuru au nitakuwa namuumiza?

Mwalimu Mstaafu (Kericho)

Binti yangu, salamu. Muziki huu nimeusikiliza tangu redio yetu ikiitwa Sauti ya Kenya. Jim Reeves alipofariki Julai 1964, ndege yake ndogo ilipoanguka karibu na Nashville, mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nakumbuka mjomba wangu alikaa nje na redio magotini asiongee na mtu.

Binamu yako amekosea. Tazama vizuri pale Ryman. Jengo lile lilikamilika 1892, na halikujengwa kwa ajili ya nyimbo za mapenzi na treni. Thomas Ryman, mwenye meli za mtoni, aliokoka kwenye mahubiri akataka watu wapate nyumba ya ibada. Ndiyo maana hata leo wasikilizaji hukaa kwenye mabenchi ya kanisa. Opry, ambayo ilianza 1925 kama kipindi cha redio ya WSM, ilihamia humo 1943 na ikakaa mpaka 1974, ilipopata makao mapya nje ya katikati ya mji. Walipohama walikata kipande cha mbao cha duara kutoka jukwaa la Ryman wakakiweka katikati ya jukwaa jipya, ili kila mwimbaji asimame juu ya mbao zilezile walizosimama waliomtangulia. Sasa unganisha na ulivyosema: Opry ya Glasgow nayo ilifunguliwa 1974. Mwaka uleule Nashville walipokuwa wanang'oa mbao, watu wa Govan walikuwa wanafungua mlango wao.

Rose-Lynn aliota mahali, na alipofika mahali pale akakuta ni ukumbi wenye watalii, na sauti iliyokuwa humo ni ile aliyokwenda nayo mwenyewe kutoka kwao. Kilichomrudisha ni hicho.

Tena muziki huo ulitoka wapi? Waskoti na watu wa Ireland ya kaskazini walivuka bahari karne ya 18, wakapanda milima ya Appalachia na fidla zao na tenzi zao ndefu za mauaji na mapenzi. Watu wetu wa Afrika Magharibi, waliopelekwa Marekani kwa minyororo, walikwenda na ujuzi wa ala iliyozaa banjo. Hivyo vikakutana. Msichana wa Glasgow anapoimba kantri anaimba kitu ambacho nusu yake kiliondoka nyumbani kwao, na nusu nyingine, binti yangu, iliondoka upande wetu wa dunia.

Nikupe mfano wa hapa hapa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, si mbali na ninapoandika, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba mtu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, yule wa Mississippi anayeitwa baba wa kantri, aliyekufa kwa kifua kikuu 1933 akiwa na miaka 35. Sauti yake iliwafikia watu wetu kupitia gramafoni. Hawakuwahi kumwona. Basi wakamfanya kiumbe, nusu mtu nusu swala, wakamwalika aje kucheza nao, na wakampigia ala yetu ya nyuzi. Nimeusikiliza wimbo ule mara nyingi sana na bado husimamisha nywele zangu. Wasichana wale hawakwenda Mississippi, na wimbo ukawa wao kabisa.

Kuhusu mama yako, nimemuuliza mke wangu kwa kuwa yeye ndiye aliyelea wajukuu. Amesema mwonyeshe, lakini ukae ubavuni pake.

Zuhura (Tanga)

Mwalimu, shikamoo. Umenifundisha jambo, hilo la Kapkatet sikulijua.

Dada, pole na zamu za usiku. Mimi nitasema tofauti kidogo. Hapa Tanga tumekulia kwenye taarabu, na mwanamke anayeimba usiku nimemwona kwa karibu, maana shangazi yangu aliimba. Watu walimpigia makofi ukumbini, na asubuhi wakamsema sokoni. Kwa hiyo Rose-Lynn nampenda, na kiu yake naijua.

Lakini filamu inamhurumia mno. Mtazame Susannah, yule mama tajiri anayeigizwa na Sophie Okonedo. Anamwajiri kufanya usafi, anamsikia akiimba, anataka kumfanyia harambee kwenye sherehe yake mwenyewe ya kutimiza miaka 50. Na Rose-Lynn anamficha kwamba amefungwa, na baya zaidi, anamficha kwamba ana watoto. Mwezi mzima mtoto wa kumzaa hana jina mdomoni mwa mama yake! Mimi hapo ndipo nilipoumia. Gerezani ni mahakama iliyompeleka. Kuwakana wanawe aliamua mwenyewe, kila asubuhi akipiga deki ile nyumba kubwa.

Nakubali kwamba mwisho alisema kweli. Siku ya sherehe, bendi iko tayari, wageni wameketi, akakatisha na akakiri. Kwangu hicho ndicho kilele cha filamu, kuliko Ryman.

Na ndiyo sababu nakuuliza, dada yangu. Unataka Mama aitazame filamu, au unataka filamu imwambie jambo ambalo wewe umeshindwa kulisema kwa simu miaka mitatu? Kama ni hilo la pili, usimtume Rose-Lynn akusemee. Sema kwanza wewe. Kisha tazameni.

Mama Wawili (Glasgow)

Mwalimu, asante sana. Nimemsomea yule bibi habari za mbao za Ryman, nikimtafsiria. Amesema mumewe alizijua, na kwamba alitaka kwenda kusimama juu yake lakini pesa hazikutosha.

Zuhura, umegusa penye kidonda. Kuna jambo sijamwambia Mama. Kila akiniuliza lini narudi moja kwa moja, nasema mwakani. Nimesema mwakani mara tatu. Sijawahi kumwambia kwamba sijui.

Wala siwakani watoto wangu, kila mtu kazini anawajua kwa picha. Ila kuna siku nikiwa nimechoka, simu ya nyumbani inaita, naiacha iite. Nimeona aibu kuandika hivyo lakini nimeandika.

Mpiga Gitaa (Nakuru)

Naomba niingie kwa upande wa muziki, kwa sababu swali la kwa nini alirudi lina jibu ndani ya filamu, na liko London, kabla hata hajaiona Nashville.

Susannah anamrekodi akiimba na video inafika kwa Bob Harris, mtangazaji wa kweli wa Redio 2 ya BBC, ambaye ameigiza kama yeye mwenyewe. Anaalikwa. Njiani kwenye treni anajisahau kwa pombe na gumzo, begi linaibiwa, anafika London mikono mitupu. Na yule mzee, kwa upole kabisa, anataka kujua ana nini cha kusema. Anaandika nyimbo zake? Rose-Lynn hana jibu. Anajua nyimbo za watu wengine zote, kila neno, kila pumzi. Yake hana hata moja.

Ndugu zangu, mimi hilo swali naliishi. Nimepiga kantri kwenye hoteli za Nakuru na Naivasha kwa miaka kumi na miwili. Ijumaa usiku watu wanataka Kenny Rogers, wanataka Don Williams, wanataka Dolly Parton, na ukiwapa wanaimba na wewe meza nzima mpaka mhudumu anasimama na sinia mkononi. Kenya tunaupenda muziki huu kwa dhati, na mtu kama Sir Elvis amejenga jina lake lote juu yake. Hoteli moja iliwahi kukaa na malipo yangu ya miezi miwili, na bado nilirudi Ijumaa iliyofuata, kwa sababu ya ule mlio wa watu wakiimba pamoja. Lakini siku nilipojaribu wimbo wangu mwenyewe, kuhusu baba yangu na ng'ombe wake waliokufa ukame wa 2009, ukumbi ulinyamaza vibaya. Niliuweka. Ulikaa kwenye daftari miaka minane.

Baada ya kuiona filamu hii nimeutoa. Sasa sikilizeni. Wimbo anaoimba Rose-Lynn mwishoni, ule wa Glasgow, ambao kwenye hadithi ameuandika mwenyewe, uliandikwa na Mary Steenburgen pamoja na Caitlyn Smith na Kate York. Steenburgen ni mwigizaji wa Marekani, mzaliwa wa Arkansas. Amesimulia mwenyewe kwamba baada ya upasuaji mdogo mwaka 2007 aliamka na kichwa kimejaa muziki, akaanza kujifunza kuandika nyimbo akiwa na zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo wimbo huo wa kurudi Glasgow ulitoka kwa watu wa upande wa pili wa bahari. Halafu ukamfaa msichana wa Glasgow mpaka watu wa huko wenyewe wakalia. Nashindwa kueleza ilivyowezekana ila kwa kusema kwamba walikuwa na nyumba zao akilini walipouandika.

Kwa hiyo jibu langu: Nashville alikuwa mwimbaji mzuri katikati ya waimbaji wazuri elfu. Barabara ya Broadway kule kila baa ina bendi tangu mchana. Alichokosa kilikuwa Glasgow, kwa mama yake na kwa watoto wake, na aliporudi ndipo alipopata cha kuandika. Mwaka mmoja baadaye anapanda jukwaani na wimbo wake. Huo si woga.

Na Buckley anaimba mwenyewe, mliotaka kujua. Yeye ni mtu wa Killarney, Ireland. Lafudhi ile ya Glasgow alijifunza.

Kijana wa Kitengela

Ushauri mdogo tu kwa Mama Wawili, nimetazama na mamangu hizi filamu. Ruka dakika za mwanzo, akitoka jela anapitia kwa mpenzi wake bustanini kabla ya kwenda nyumbani, hutaki kukaa hapo na mzazi. Washa maandishi ya Kiingereza, lafudhi yao ni ngumu hata kwangu. Na usitafsiri kila kitu, atachoka. Pale wanapoimba nyamaza kabisa.

Zuhura (Tanga)

Kijana amesema vyema. Na mpiga gitaa, uutie huo wimbo wa ng'ombe hewani tuusikie.

Mama Wawili (Glasgow)

Nimerudi kuwapa habari, maana mlinisaidia. Niko kazini, bibi wangu amelala mapema leo.

Nilikaa Molo wiki tatu. Zuhura, nilifanya ulivyosema. Siku ya nne, tukimenya viazi jikoni, nilimwambia Mama kwamba sijui lini narudi moja kwa moja, na kwamba nimekuwa nikimdanganya. Hakuacha kumenya. Akasema, "Najua. Mtu anayejua siku ya kurudi huitaja." Kisha akaniomba nisogeze sufuria. Basi. Miaka mitatu nimebeba jambo ambalo yeye alilijua tangu mwaka wa kwanza.

Filamu tuliitazama Jumamosi usiku, kwenye laptopu juu ya meza, tumejifunika blanketi moja kwa ajili ya baridi ya Molo. Niliruka mwanzo. Nilimtafsiria kwa Kikuyu, si kila kitu. Sehemu za kuimba nilinyamaza. Jim Reeves hayumo, lakini Mama aliusikia muziki akasema, "Hizi ni za baba yenu," akawa anatikisa mguu.

Marion alipomtolea bintiye akiba, nilidhani hapo ndipo Mama atalia. Hakulia. Alikunja uso. Akaniambia, "Huyu mama alikuwa nazo tangu mwanzo?" Nikasema ndiyo, alikuwa anaweka kidogo kidogo miaka mingi. Akasema, "Basi alikosea kitu kimoja. Alingoja mtoto avunjike kwanza."

Nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka mtamba wetu. Wiki niliyopata barua ya kazi ya hapa, kabla sijamwambia Mama kiasi cha nauli, kabla hata sijaanza kufikiri nitakopa wapi, nilikuta zizi limefunguliwa na yule mtamba wa madoa hayupo. Alikuwa ameshauzwa soko la Alhamisi. Mama hakuwahi kulitaja tena, na mimi sikuwahi kumshukuru kwa maneno, kwa sababu nilishindwa nianzie wapi. Nilimshukuru usiku ule. Akasema mtamba yule hata hivyo alikuwa mkorofi.

Pale Ryman aliniuliza kwa nini viti ni vya kanisa. Nikamweleza maneno ya Mwalimu, neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka. Akaomba nirudishe aione tena. Rose-Lynn akaimba mara ya pili, na Mama akasema kwa sauti ndogo, kama anaongea na yeye mwenyewe, "Amefika. Sasa anaweza kwenda nyumbani." Kwa binamu yangu wa Aberdeen nimemtumia maneno hayo tu, sikuongeza kitu.

Ila kuna moja ambalo sikulitarajia. Binti yangu sasa ana miaka 14. Nilidhani amelala. Alikuwa amesimama mlangoni na shuka mabegani, sijui tangu saa ngapi. Filamu ilipoisha hakuuliza habari za Nashville wala za kuimba. Aliuliza, "Mum, yule Wynonna mbona hakuwa anaongea na mamake mwanzoni?"

Mama alinitazama mimi. Hakusema neno.

Nilimwambia aje aketi. Tulisogea, tukampa ncha ya blanketi, nikairudisha filamu hadi pale Rose-Lynn anapoingia nyumbani kwa Marion na watoto wanamwangalia bila kumkimbilia. Tukaitazama tena sehemu hiyo, watatu, na nilipoisimamisha yeye ndiye aliyeanza kuongea.